Ikweta Inapita Wapi: Jinsi ya Kujua Nchi Iko Upande Gani

Chukua simu, fungua ramani, weka kidole pale ulipo na ukishikilie mpaka zitokee namba mbili zenye nukta. Namba ya kwanza, yaani latitudo, ndiyo yetu. Ukiwa Dar es Salaam itaanza na -6.8, ukiwa Kampala itakuwa 0.3, ukiwa Muscat 23.6. Alama ya kutoa maana yake uko kusini mwa ikweta. Isipokuwepo, uko kaskazini. Programu nyingine huandika herufi badala ya alama: S ni kusini, N ni kaskazini. Ukubwa wa namba nao unakwambia umbali, kwani kila digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Zidisha mwenyewe: Dar es Salaam iko kama kilomita 750 kutoka kwenye mstari, Mombasa 450, Nairobi 140 na ushei, Kampala 35 tu.

Simu itakujibu kila ukiiuliza, lakini haitakufundisha. Aliyezoea kuiuliza bado atakwambia kwamba Rwanda iko kwenye ikweta kwa kuwa imepakana na Uganda, au kwamba Amerika Kusini yote iko kusini, jina si limeshasema? Dawa ni kuubeba mstari kichwani. Kwa msomaji wa Kiswahili kazi hiyo ni nyepesi kuliko kwa wengi, maana mstari wenyewe unapita kwetu.

Anza na ramani ya ukutani, ile ya darasani. Usitafute ikweta katikati ya karatasi. Wachapaji wengi huikata Antaktika ili kuokoa nafasi, kwa hiyo mstari hushuka chini na Ulaya ndiyo hukaa mbele ya macho. Ramani zinazofuata mtindo wa Mercator, uliobuniwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, zina kasoro nyingine: huzikuza nchi kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta, hata Greenland ikaonekana inalingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14. Basi usipime kwa macho. Tafuta vitu vinne: mdomo wa mto Amazon, pwani ya Gabon karibu na Libreville, sehemu ya kaskazini ya Ziwa Viktoria, na kisiwa cha Sumatra kwa katikati yake. Weka rula, piga mstari. Umeipata. Urefu wake wote ni kilomita 40,075, na zaidi ya robo tatu ni maji, ndiyo maana nchi zinazoguswa ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Sasa uifuate Afrika kuanzia magharibi. Mstari unapita kwenye kisiwa kidogo cha Rolas nchini Sao Tome na Principe, unaingia Gabon, unakata Kongo-Brazzaville, kisha unafika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapo tua kidogo. Mto Kongo unaukata mstari huu mara mbili: unatoka kusini na kuuvuka kabla ya kufika Kisangani, unapinda kuelekea magharibi, halafu unaurudia tena karibu na Mbandaka. Stanley alipoanzisha kituo hapo mwaka 1883 alikiita kwa jina la ikweta, na mkoa wenyewe unaitwa Équateur mpaka leo. Kukaa pande zote mbili ndiko kunakoufanya mto huu ujae karibu mwaka mzima. Mvua zikipungua kaskazini mwa mstari, kusini zinanyesha, na zamu zinabadilishana.

Kutoka hapo mstari unapita Kivu Kaskazini. Beni na Butembo ziko kaskazini yake, Butembo kwa kilomita chache tu. Goma na Bukavu ziko kusini. Unaingia Uganda, milima ya Rwenzori ikibaki kaskazini, unapita kusini ya mji wa Kasese, na kuikata barabara kuu ya Kampala na Masaka mahali panapoitwa Kayabwe. Ukipanda basi kutoka Bukoba kwenda Kampala kwa njia ya Mutukula, hapo ndipo unapotoka nusu moja ya dunia na kuingia nyingine. Kuna duara mbili nyeupe za zege, moja kila upande wa barabara, na maduka ya vinyago. Anayekwenda kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Entebbe huuvuka juu ya ziwa, dakika chache kabla ya magurudumu kugusa chini, kwa sababu uwanja uko kaskazini mwa mstari kwa kama kilomita tano.

Kenya nayo inakatwa karibu nusu kwa nusu. Mstari unapita Maseno, na mji wa Kisumu unabaki kusini kwa kilomita kama kumi. Unapanda nyanda za juu upande wa Timboroa, unapita karibu na Nyahururu na Nanyuki, na kugusa miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya; kilele cha Batian kiko kusini, mji wa Meru kaskazini. Eldoret ni kaskazini, Nakuru kusini. Baada ya hapo ni nyika mpaka Somalia, ambako mstari unaingia baharini kaskazini kidogo ya Kismayu. Hivyo mwambao wa Waswahili wenyewe umegawanyika: Barawa, kwa wasemaji wa lahaja ya Chimiini, iko kaskazini, na Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa na Ngazija ziko kusini.

Ukishika hizo, hesabu ya Afrika inakuwa rahisi. Nchi saba zinakatwa na mstari ardhini: Sao Tome na Principe, Gabon, Kongo zote mbili, Uganda, Kenya na Somalia. Nchi 17 ziko kusini kabisa, na Tanzania, Rwanda na Burundi zimo humo. Rwanda inaanzia digrii moja na kidogo kusini, kwa hiyo hakuna Mnyarwanda anayeweza kusimama kwenye ikweta bila kuvuka mpaka. Zilizobaki ni za kaskazini, Ethiopia na Sudan Kusini zikiwemo. Ile inayoleta ubishi ni Guinea ya Ikweta. Mstari haugusi ardhi yake hata kidogo: Bioko na sehemu ya bara ziko kaskazini, kisiwa cha Annobón kiko kusini, na ikweta inapita baharini kati yao. Nchi imebeba jina la mstari ambao wananchi wake huuvuka kwa meli.

Je, ni kweli kwamba ikweta inaigawa Afrika katikati? Kwa latitudo, karibu. Ncha ya kaskazini kabisa, huko Tunisia, iko digrii 37, na Rasi Agulhas ya Afrika Kusini iko karibu digrii 35. Kwa eneo la ardhi, hapana: theluthi mbili ya bara iko kaskazini, kwa sababu upande ule Afrika imetanuka sana kuelekea magharibi. Lakini ndilo bara pekee linalokatwa na ikweta pamoja na tropiki zote mbili, ya Kansa na ya Kaprikoni.

Mabara mengine hayachukui muda. Ulaya yote ni kaskazini. Amerika Kaskazini yote ni kaskazini, pamoja na Karibi na Amerika ya Kati. Hata Panama, iliyo chini kabisa, iko zaidi ya digrii saba juu ya mstari. Australia, Nyuzilandi na Antaktika ni kusini. Asia ya bara ni kaskazini yote, na inaishia Tanjung Piai huko Malaysia, digrii moja na robo kabla ya kufika. Ni visiwa ndivyo vinavyovuka: Indonesia inakatwa Sumatra, Kalimantan na Sulawesi, wakati Java na Bali ziko kusini, na Timor Mashariki pia. Maldivi na Kiribati zinapitiwa na mstari kwenye maji yao, si kwenye mchanga.

Amerika Kusini ndiyo inayowatega wengi. Mstari unapita juu sana, Ekwado, Kolombia na Brazili peke yake. Venezuela, Guyana na Suriname ziko kaskazini kabisa, licha ya jina la bara lao. Kolombia sehemu kubwa ni kaskazini. Peru inafika karibu sana na mstari lakini haiuvuki, yote ni kusini. Brazili sehemu kubwa ni kusini, ila mji wa Macapá kwenye mdomo wa Amazon umekaliwa na mstari wenyewe, na uwanja wao wa mpira ulijengwa ili mstari wa katikati ufuate ikweta. Timu moja hushambulia kuelekea kaskazini ya dunia, nyingine kusini.

Kwa miji, mimi huiweka jozi jozi. Ndiyo njia inayokaa kichwani kuliko orodha. Nairobi na Singapore: zote digrii 1 na dakika 17, moja kusini, nyingine kaskazini. Unguja mjini na Jakarta: karibu latitudo ileile, digrii sita na kidogo kusini. Dar es Salaam na Lagos ziko mbali na mstari kwa kiasi kinachokaribiana, kila mmoja upande wake. Cape Town na Sydney zinalingana karibu kabisa, kama digrii 34 kusini. Ukijua moja, umejua na mwenzake.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyatumia kukisia, na yote mawili hudanganya. La kwanza ni joto. Jangwa la Sahara na Bara Arabu, penye joto kali sana, ziko mbali na ikweta. Muscat iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, na Juni yake huwa kali kuliko mwezi wowote wa Kisumu, kwa kuwa kule mchana unafika saa 13 na nusu na mbingu haina wingu, ilhali kwenye mstari mawingu na mvua hulipunguza jua makali. Mwinuko nao una sauti yake. Quito, mji mkuu wa Ekwado, uko kilomita kama 25 tu kutoka kwenye ikweta, lakini uko mita 2,850 juu ya bahari na watu hutembea na makoti. Kwenye mteremko wa mlima Cayambe, huko huko Ekwado, mstari unapita juu ya theluji.

La pili ni beseni. Ukishuka Kayabwe au Nanyuki utamkuta kijana na beseni lenye tundu. Upande wa kaskazini wa kibao cha ikweta maji yanazunguka kushuka kwa njia moja, akihamia kusini yanazunguka kwa njia nyingine, na akisimama juu ya mstari yanashuka moja kwa moja. Ua au kijiti huelea juu ili uone vizuri. Mchezo ni mzuri, na mlipe. Ila mtazame mkono wake anapomimina, na bega lake anapogeuka kukutazama wewe: maji yameshapewa mzunguko kabla ya tundu kufunguliwa. Mzunguko wa dunia kweli huyapinda maji na hewa, lakini nguvu yake ni ndogo mno kwenye beseni, na hatua kumi kutoka kwenye ikweta ni kama haipo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT, Marekani, alilazimika kutumia tangi la upana wa karibu mita mbili na kuyaacha maji yatulie siku nzima ndipo akaona mzunguko huo. Wenzake wa Sydney walifanya hivyo mwaka 1965 na kuona kinyume chake. Mwanao akitoka safari ya shule na habari ya beseni, mwulize maji yalitulia kwa muda gani.

Kipimo kisichodanganya ni kijiti na jua. Chagua tarehe 21 Machi au 23 Septemba, au siku moja kabla au baada, ambapo jua liko juu ya ikweta. Simika kijiti cha mita moja mahali tambarare, ukihakikishe kwa kamba yenye uzito kwamba kimesimama wima. Usipime saa sita kamili kwa kutazama saa. Mchana kati wa jua hauji hapo. Dar es Salaam huwa kati ya saa sita na robo na saa sita u nusu, Nairobi karibu nusu saa baada ya saa sita, Kampala inakaribia saa saba. Weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano na uchukue kilicho kifupi kuliko vyote. Siku hizo kivuli hicho huikimbia ikweta: kikielekea kusini uko kusini, kikielekea kaskazini uko kaskazini. Na urefu wake unakwambia umbali. Dar es Salaam utapata kama sentimita 12, Nairobi mbili tu, Muscat 44. Ndugu yako aliyeko London atapata kivuli kirefu kuliko kijiti chenyewe, sentimita 126 hivi.

Siku nyingine kipimo hiki kinataka uangalifu, kwa sababu kwetu jua huhama upande. Dar es Salaam hupata jua la utosi mwanzoni mwa Machi na tena mnamo tarehe 10 Oktoba. Kati ya tarehe hizo jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Johannesburg halihami kamwe, ni kaskazini mwaka mzima, kwa kuwa mji uko nje ya Tropiki ya Kaprikoni.

Ukitaka ushahidi bila kijiti, itazame saa yako. Kuhesabu saa kuanzia macheo, tunavyofanya sisi, kunawezekana kwa sababu macheo hayahami. Nairobi tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki robo saa. Dar es Salaam haifiki saa nzima. London inakaribia saa tisa. Ndiyo maana mfungaji wa Tanga hufunga kama saa 13 kila Ramadhani, izidi au ipungue kidogo, na mfungaji wa London Ramadhani ikiangukia Juni hupitisha saa 18. Hilali nayo ina lake: karibu na ikweta mwezi mwandamo huweza kulala chali kama dau, na kadiri unavyokwenda mbali husimama kwa ubavu.

Haya yote yana kazi. Mvua hufuata jua la utosi, huku zikichelewa kidogo. Karibu na mstari jua hupita mara mbili zikiwa zimeachana miezi, ndipo Nairobi, Arusha na Dar es Salaam zikapata masika na vuli. Ukishuka mpaka Mbeya, Songea au Mtwara, vipindi viwili vinaungana na kuwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayehamia Songea kutoka Moshi na kalenda yake ya kupanda atavuna majani.

Vimbunga navyo huwa haviundiki ndani ya digrii tano hivi za ikweta, kwa kuwa nguvu ile ya kuvizungusha ni hafifu mno huko. Lakini nje kidogo ya hapo hakuna ahadi. Unguja, iliyo digrii sita, ilipigwa Aprili 1872. Mikarafuu ikang'olewa na meli za Sultani Barghash zikazama. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia Mei 2024. Lamu na Malindi ziko salama zaidi, si kabisa.

Kwenye sola, kuwa mwangalifu na video za mafundi wa Ulaya, Marekani au China. Watakwambia uelekeze paneli kusini, na kwao ni sawa. Tanzania, Lubumbashi na Msumbiji paneli hutazama kaskazini, kwa mlalo wa digrii 10 hadi 15 kwa Dar es Salaam, ili mvua iweze kuosha vumbi. Kampala na Kisumu upande si hoja kubwa. Angalia kivuli cha mwembe wa jirani kwanza. Muscat, rudi kusini.

Kwa safari, kumbuka tu kwamba misimu imegeuzwa. Anayekwenda Melbourne Julai abebe koti, anayekwenda Toronto mwezi huohuo aliache. Kombe la Dunia la 2010 lilichezwa Afrika Kusini Juni na Julai, na mashabiki walikaa majukwaani na mablanketi usiku.

Na dishi. Setilaiti za televisheni zimepangwa juu ya ikweta, kilomita karibu 35,800 angani, zikizunguka sambamba na dunia. Kwa hiyo fundi wa London huelekeza dishi kusini na kuliinamisha chini kuelekea upeo wa macho, wa Johannesburg hulielekeza kaskazini, na wa Kampala, kwa setilaiti iliyo digrii 36 mashariki, hutazama karibu juu kabisa. Akifunga lile kubwa la zamani, atoboe tundu chini yake ili maji ya mvua yasituame.